Picha ya Landsat 8 kutoka na giza na rangi zisizo za kweli

Ndugu, umesema kwenye picha yako ya Landsat 8, setilaiti inayopiga picha za dunia, delta ya Rufiji imetoka na giza na mikoko imekuwa ya hudhurungi. Umepanga bendi (tabaka za picha, kila moja na aina yake ya mwanga) 3-2-1 kwa nyekundu, kijani na buluu, na huo ni mpangilio wa Landsat 7, setilaiti iliyotangulia. Kwenye Landsat 8, nyekundu ni bendi ya 4, kijani 3, buluu 2.

Giza lina sababu nyingine, na hapa ndipo wengi tunakwama. Kwa data ya kiwango cha 2 (Kolekshani 2), yaani iliyokwisha kusahihishwa athari za hewa, zidisha kila namba kwa 0.0000275 kisha toa 0.2, upate uakisi, yaani sehemu ya mwanga inayorudi kutoka ardhini. Mikoko hurudisha mwanga kidogo mno, wingu hurudisha mwingi. Programu ya kuonyesha picha ikinyoosha kipimo cha mwangaza, kutoka nyeusi hadi nyeupe, kifike kwenye wingu, msitu wote unazama gizani. Weka mwenyewe mipaka ya uakisi, 0 (nyeusi) hadi 0.3 (nyeupe), kipimo kilekile kwa bendi zote tatu. Mawingu yatakuwa meupe pe, yaache tu. Ukiiachia programu ichague kwa kila bendi peke yake, uwiano wa rangi unavurugika, na lile tope la mto linaloingia baharini linapoteza ukahawia wake.