Kabla hujanunua vitabu: kwa mzazi anayeanza kumfundisha mtoto nyumbani

Mzazi mwenzangu, karibu. Wengi wanaoanza huuliza wanunue vitabu gani, nami huwarudisha kwanza kwenye sheria. Kumfundisha mtoto nyumbani ni haki ya kawaida mahali fulani na ni kosa mahali pengine. Marekani inakubalika katika majimbo yote 50, ila kila jimbo lina masharti yake: kuna lisilodai hata taarifa, na kuna linalotaka ripoti za maendeleo na vipimo. Afrika Kusini mtoto husajiliwa kwa idara ya elimu ya jimbo. Ufaransa, ambako zamani taarifa tu ilitosha, tangu 2022 mzazi huomba kibali kwanza. Ujerumani mlango umefungwa, na mwaka 2006 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilikataa kesi ya wazazi waliojaribu kuufungua. Kama sheria ya unakoishi iko kimya, usiuchukulie ukimya kuwa ruhusa. Andika barua kwa ofisi ya elimu, na jibu lao ulihifadhi.

Hilo likishatulia, jambo la pili ni saa. Wageni wa kazi hii hupanga ratiba ya asubuhi hadi alasiri, wakapaka ubao rangi, wakagonga hata kengele. Shule inahitaji siku nzima kwa sababu ina watoto wengi: kuna kunyamazisha, kupanga foleni, kusahihisha madaftari, kumsubiri wa mwisho. Wewe una mmoja au wawili. Kwa mtoto wa miaka mitano au sita, vipindi vifupi vifupi vya kusoma na kuhesabu vinatosha kumaliza kazi ya kukaa mezani kabla ya mchana. Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyefariki 1923, alishikilia kwamba somo la mtoto mdogo lisizidi dakika 20, na mimi naona hata hizo ni nyingi siku ambayo mtoto hakulala vizuri. Acha akiwa bado anataka kuendelea.

Faida yako halisi ni sikio. Mwalimu wa darasa lenye watoto wengi hawezi kumsikiliza kila mmoja akisoma kwa sauti kila siku. Wewe unaweza. Ukilifanya hilo peke yake kwa uaminifu, umefanya nusu ya kazi ya miaka ya mwanzo, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo kwenye kusoma.

Kiswahili kinatupendelea. Irabu ni tano na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Anza na hizo, kisha ongeza konsonanti zinazoweza kuvutwa mdomoni: m, n, s, l. Mfundishe sauti kabla ya jina la herufi. Anayejua “em” na “a” atakusomea “ema”. Anayejua “mmm” na “aaa” ataziunganisha mwenyewe. Kwa herufi hizo chache tayari ana maneno kamili ya kusoma: mama, lala, nene, mali, sumu. Mtoto anayesoma neno lenye maana katika siku za mwanzo hahitaji kubembelezwa kesho yake.

Jihadhari na wimbo. Ba, be, bi, bo, bu: ataimba safu nzima bila kukosea huku macho yako dirishani, na babu na bibi watapiga makofi. Huyo hajasoma, ameimba. Andika silabi kwenye vikaratasi, zichanganye, umwonyeshe bu kabla ya ba. Akizitambua, changanya na za safu nyingine: me, tu, bi, lo. Hapo ndipo utajua ulipo.

Ugumu unaofuata ni herufi zinazokwenda pamoja: ch, sh, ny, th, dh, gh. Zifundishe moja moja, kila moja kama sauti kamili. Ng na ng’ usizilete siku moja. Acha ngoma na nguo zizoeleke kwanza, ndipo umlete ng’ombe na alama yake, kisha uyaweke maneno hayo pamoja ayasikie yanavyotofautiana. Kuna pia m inayosimama peke yake, kama katika mtu na mtoto. Watoto wengi hupachika irabu wakasoma “mutoto”. Pigeni makofi: m-to-to ni matatu, mba-li ni mawili. Mikono huelewa upesi kuliko maelezo yako.

Halafu kuna mtego ambao wazazi wengi hawauoni. Kwa kuwa maandishi ya Kiswahili yanafuata sauti, mtoto anaweza kusoma ukurasa mzima kwa ufasaha asiambulie chochote, hasa kama lugha ya nyumbani ni nyingine. Baada ya kila kifungu, funga kitabu, umwombe akusimulie. Akikurudishia sentensi zilezile, mwulize kitu kisichoandikwa: kwa nini sungura alikimbia? Na usiache kumsomea eti kwa sababu sasa anasoma mwenyewe. Hadithi anazoweza kuelewa kwa kusikia ni pana mno kuliko zile anazoweza kusoma.

Hesabu ziko hivyohivyo: vitu kwanza, tarakimu baadaye. Vijiti na vizibo vya chupa vinatosha. Kumi na moja mpaka kumi na tisa hazisumbui, kwa sababu kumi inasikika ndani yake. Shida huanza ishirini na thelathini, ambako haisikiki tena. Funga vijiti kumikumi kwa uzi. Akishika mafungu matatu na vijiti vinne mkononi, thelathini na nne haiwi tena jina la kukariri. Kuandika msikimbilie. Mkono mchanga hujengwa na udongo wa kufinyanga, mkasi na kuchanachana karatasi, penseli itafuata.

Sasa wewe. Adui mkubwa wa masomo ya nyumbani ni yule mdogo wa miaka miwili anayetaka penseli ya kaka yake. Mpe yeye robo saa yake kwanza, akishiba umakini wako atakuachia nafasi. Kama mko wazazi wawili, gaweni masomo waziwazi. “Tutasaidiana” maana yake mmoja atafanya yote, na mwingine atauliza mwisho wa mwezi mtoto amefika wapi. Siku ambayo somo limegeuka machozi, lifunge. Mtoto wa shule akigombezwa na mwalimu anarudi kwa mama; wa kwako akigombezwa na mwalimu, mama ni huyohuyo.

Utaulizwa kuhusu marafiki mpaka uchoke. Usikasirike, swali ni la haki. Shule huwakutanisha watoto bila mtu kupanga, na nyumbani lazima upange wewe: majirani, binamu, timu ya mpira, madrasa au shule ya Jumapili, familia nyingine zinazofundisha nyumbani. Kumtembeza mara moja moja hakutoshi. Mtoto anahitaji watoto walewale, mara kwa mara, wagombane na wapatane.

Weka kumbukumbu. Andika tarehe kwenye kazi yake, hifadhi karatasi moja ya kila mwezi, na mrekodi akisoma. Pata pia muhtasari wa darasa la umri wake, uupitie kila muhula. Hulazimiki kuufuata hatua kwa hatua, ila ujue wenzake wako wapi, maana wengi wetu huwarudisha watoto shuleni baadaye kwa sababu ya kazi, kuhama, au mtoto mwenyewe kutaka.

Siku hiyo ikikaribia, usihangaike na masomo tu. Huyu hajawahi kunakili kutoka ubao ulio mbali, wala kuomba ruhusa ya kwenda msalani, wala kusubiri wengine wamalize. Hajasoma katikati ya kelele. Mfanyishe mazoezi ya hayo wiki chache kabla, na muda wa kula mfuate ule wa shule anayokwenda.