Diski tatu zionekane kama moja kwenye Linux

Mkuu, inawezekana, na huhitaji kuzifomati. Tumia programu ya mergerfs: unaipa folda za diski zako zote, inakuonyesha folda moja yenye nafasi ya zote, hata kama ukubwa wao ni tofauti. Hapa Moshi ndiyo niliyoweka kwenye studio ya video za harusi, maana diski moja ikifa unapoteza mafaili yake tu. Nyingine unaichomoa, unaichomeka kompyuta yoyote ya Linux, inasomeka. LVM, mfumo mwingine wa Linux wa kusimamia diski, nayo inaunganisha, ila pvcreate, amri yake ya kuandaa diski, itakufutia vilivyomo, na diski moja ikikata unaweza kupoteza kila kitu. Faili moja kubwa kuliko diski yoyote? Hapo mergerfs haifai. Bakapu weka pembeni, tafadhali.