Jibu: Ini linaonekana kama plastiki kwenye programu ya mazoezi ya upasuaji
Salaam, ndugu yangu wa Lindi. Umeeleza kwamba ini katika programu ya kompyuta unayoitengeneza kwa mazoezi ya upasuaji wa matundu madogo (kamera na vifaa huingizwa tumboni kupitia matundu hayo) linafanana na plastiki, ingawa umbo lake ni sahihi. Kabla ya kugusa rangi, angalia taa umeiweka wapi: katika upasuaji huo mwanga hutoka kwenye ncha ya kamera yenyewe, hivyo kilicho karibu hung'aa sana, cha mbali huzama gizani, na vivuli huonekana kwa nadra. Kisha ruhusu mwanga upenye kidogo chini ya uso wa nyama. Mimi hununua ini la mbuzi hapa Mtwara na kulimulika kwa tochi: juu ya utando wa majimaji huonekana madoa madogo makali ya mng'ao, yanayohama kila tochi inaposogea. Picha ya ini iliyopigwa kwa flashi usiibandike juu ya ini la programu yako, kwa maana madoa yake hayatahama.