Rangi inabanduka, waranti imeshaisha, sasa nifanyeje?

Barua za mara hii karibu zote ni rangi na kutu, nimechagua tatu ambazo zikijibiwa vizuri na wengine waliouliza watakuwa wamejibiwa humohumo.

Shikamoo fundi. Nina gari nyeupe ya lulu, ya mwaka 2012, niliagiza used Japani na ilifika safi kabisa. Mwaka jana rangi ikaanza kutoka juu kwenye rufu, kidogo tu, halafu kijana wa kaoshi akapiga na mashine ya presha kikaruka kipande kizima, sasa na boneti imeanza. Fundi rangi mmoja anasema ni sabuni ya unga, mwingine anasema gari ilishapata ajali hukohuko ikapakwa upya. Kwa wakala wa kampuni hapa Dar nimeambiwa waranti iliisha zamani na isitoshe hawakuiuza wao. Nani mkweli? Na je, nipake tu rangi yaishe? – Mama Junior, Tegeta

Marahaba Mama Junior. Habari ya sabuni tuiache kwanza. Sabuni ya unga inafubaza rangi na ni kweli usiitumie, ila haiwezi kubandua rangi vipande vipande mpaka chini.

Chukua stuli, panda uangalie pale rangi ilipotoka chini yake kuna nini. Ukikuta utando wa kijivu, laini, hauna mikwaruzo hata kidogo, hiyo ni rangi ya kwanza ya kiwandani, bodi nzima inazamishwa kwenye tanki inapitishiwa umeme ili rangi ishike chuma kila kona, hata kona ambazo bunduki ya rangi haifiki. Ukikuta mistari ya msasa, au fila (ile pasta ya kujazia bati), au rangi nyingine kabisa, basi huyo fundi wako wa pili yuko sahihi, gari ilishanyooshwa na kupakwa upya. Halafu nenda kwenye bampa. Bampa ni plastiki, haiingii kwenye lile tanki, kwa hiyo kama rufu na boneti vinabanduka na bampa zote mbili bado nzima hazina hata alama, tatizo ni la kiwandani na wala sio matunzo yako. Na mara nyingi linaanzia juu kama ulivyosema, kwa sababu juu ndio kunapigwa na jua kutwa nzima.

Hukutaja kampuni ya gari. Kama ni Toyota fungua boneti au mlango wa dereva utafute kile kibati chenye namba ya chesisi, kina namba ya rangi pia. Toyota wenyewe walishakubali hadharani kwamba rangi zao mbili nyeupe, 040 na 070, zina hitilafu hii: mwanga wa jua kadiri miaka inavyokwenda unapenya mpaka kwenye ule utando wa kijivu, unaua mshiko kati yake na rangi ya juu, basi rangi inakaa tu juu haijashika kitu mpaka siku upepo au maji ya presha yaingie chini yake. 070 ndio hiyo nyeupe ya lulu. Marekani na Japani wakaongeza muda wa dhamana kwa hitilafu hiyo peke yake, na Australia mwaka 2022 wakafanya vilevile kwa 040, wakawa wanawapaka watu rangi magari yao bure hata kama waranti ya kawaida ilishakwisha.

Ila nikueleze ukweli usije ukajenga matumaini bure, programu hizo zinafuata nchi ambayo gari iliuzwa ikiwa mpya na zenyewe zina ukomo wa miaka, kwa hiyo wakala wa hapa hana deni na wewe kwa gari uliyoagiza mwenyewe. Bado ningekuambia uandike. Barua moja fupi, namba ya chesisi, picha za rufu, boneti na zile bampa nzima, uombe wachangie hata nusu kwa hisani, maana kampuni ikishajua hitilafu ni yake kuna wakati inasaidia bila kulazimika. Andika KABLA hujagusa rangi, ukishapaka ushahidi umekwisha. Na kwa wasomaji wengine, kama gari hukuagiza mwenyewe bali ulinunua juzijuzi kwa mtu wa yadi, sheria ya uuzaji wa bidhaa, Tanzania na Kenya pia, inamtaka mfanyabiashara auze kitu chenye ubora unaokubalika, ila haikulindi kwa kasoro ambayo ungeiona ulipokagua, kwa hiyo kagueni jamani, tena mchana kweupe.

Sasa rangi, na hapa ndipo watu wanaliwa hela kwa kweli. Fundi atakuja atapiga msasa pale palipobanduka tu, ataweka praima (rangi ya msingi), atapaka, gari itapendeza, utalipa, na baada ya mvua mbili tatu pembeni ya kiraka chake rangi ya zamani inaanza kuinuka tena. Lazima iinuke, kwa sababu ile iliyobaki nayo haijashika chochote, imebaki kwa kuwa hakuna aliyeigusa! Boneti ikianza, boneti nzima inatakiwa ivuliwe rangi mpaka kwenye ule utando wa kijivu, kona hadi kona, utando wenyewe ukwaruzwe na msasa ili uwe na meno, kama kuna sehemu imefika chuma ipigwe praima ya epoksi ya kuzuia kutu, halafu praima ya kawaida, rangi, na mwisho klia, ile ya juu isiyo na rangi. Mwambie fundi akuoneshe gari likiwa limevuliwa kabla hajapiga praima, akikataa tafuta mwingine. Kabla ya hapo pima na paneli ambazo bado zinaonekana nzima: pigia mstari mdogo kwa wembe pale ambapo hapaonekani sana, bandika solotepu pana, ivute kwa nguvu. Ikitoka na rangi, paneli hiyo nayo iingie kwenye hesabu. Kama hela haitoshi kwa mara moja piga rufu na boneti kwanza, milango isubiri, na mwambie kijana wa kaoshi asilete tena presha karibu na kingo zilizoinuka. Utando wa kijivu ukikaa wazi juani nao unakwisha, ukiisha ndio kutu inaingia, kwa hiyo usikae nayo hivyo miaka.

Asalaam aleikum fundi. Gari yangu nilinunua mpya shoruum hapa Mombasa, mwezi wa nane yafika miaka sita. Nakaa Nyali, bahari iko hapo tu. Chini ya milango miwili rangi yapanda mapovu, juzi nikabonyeza na ufunguo, ukaingia ndani! Waliniuzia wasema waranti ya kutu imeisha na ati ni mazingira ya baharini. Fundi wa mtaani ataka kujaza fila apake, bei rahisi. – Abu Salma, Mombasa

Wa aleikum salaam Abu Salma. Ufunguo kuingia maana yake kutu ilianzia ndani ikaja nje, na hilo lina uzito wake kwenye waranti. Kwenye kile kitabu waranti za bodi huwa ni mbili tofauti, moja ya rangi na kutu ya juu ambayo ni fupi, nyingine ya kutu inayotoboa bati kutoka ndani ambayo ni ndefu zaidi. Ulaya kwa mfano Toyota wanatoa miaka 3 kwa ile ya kwanza na 12 kwa ya pili, Marekani ya kutoboa ni miaka 5. Yako ni ya kampuni yako na ya nchi yako, isome mwenyewe, usikubali maneno ya kaunta.

Halafu tafuta jobukadi zote za sevisi. Kama kuna hata moja uliyoandikiwa kwamba mlango una vipovu au kutu wakati waranti bado iko hai, umeshika kitu kikubwa, kwa sababu ulishalalamika ndani ya muda na wao ndio hawakushughulika. Waandikie kwa barua na nakala za hizo kadi. Na hiyo miaka sita uliyoitaja imenishtua kidogo, maana Kenya madai ya mkataba yana kikomo cha miaka 6, kwa hiyo kama una nia ya kwenda mbele muone wakili wiki hii na sio baada ya mwezi wa nane.

Bahari inachangia, sitakataa, hewa ya chumvi inakula bati. Lakini gari linalouzwa Mombasa linauzwa Mombasa, bahari haikuhamia jana. Inama chini ya mlango uangalie ule ukingo wa chini kabisa, kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Maji ya mvua yanashuka kupitia raba ya kioo yanaingia ndani ya mlango kila siku, hilo ni kawaida, yanatakiwa yatoke kwa hivyo vitundu. Vikizibwa na vumbi au na lami ya chini ya gari iliyopakwa hovyo, maji yanalala humo na chumvi yake. Chomeka kijiti uone. Ukikuta vimezibwa na lami ya tangu kiwandani, au waliyokupakia wao wakati wa kukuuzia, piga picha kabla hujazibua, hiyo picha inajibu neno "mazingira".

Fila kwenye tundu la kutu usikubali hata bure. Fila inanyonya unyevu, itakaa miezi michache na chini yake kutu inaendelea kwa raha zake, utakuja kukuta mlango mzima umekwisha. Bati bovu likatwe mpaka lionekane bati jeupe, lichomelewe jipya, epoksi ndani na nje, na mwisho kabisa, baada ya rangi, apulize nta ya bodi ndani ya mlango bila kuziba vile vitundu. Au kama milango mizima ipo mitumba ya Japani, rangi ileile, piga hesabu zote mbili, mara nyingi mlango mtumba unatoka nafuu kuliko kuchomelea kwa uhakika. Ila nao ukague chini hivyohivyo, magari yaliyotembea sehemu za theluji kule kama Hokkaido barabara zinamwagwa chumvi. Ukiwa unanunua gari zima, kwenye karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japani herufi S ni kutu na C ni bati lililoliwa, zitafute hizo kabla ya kutazama kilomita.

Na tafadhali ile ya kupuliza oili chafu chini ya gari, najua Pwani yote mnaifanya. Inaharibu raba za chini na ikifika kwenye breki ni hatari. Maji baridi ya bomba chini ya gari kila wiki yanatosha kuondoa chumvi.

Fundi, niko Minneapolis, nina pikapu ya 2009, fundi wa huku anasema chesisi imeliwa na kutu ya chumvi ya barabarani, waranti haipo tena. Niiuze tu? – Kaka wa Minnesota

Usiuze kwanza na usiiendeshe kwa kasi pia. Chesisi sio rangi, ni usalama, na Marekani kampuni ikiita magari yarudi kutengenezwa (recall) kwa sababu ya usalama hawaangalii kama waranti imeisha, wanaangalia umri wa gari, kwa kawaida kampuni inatakiwa kutengeneza bure kama wito ulitangazwa kabla gari haijapita miaka 15 tangu iuzwe mara ya kwanza. Kwa wito mpya gari yako ya 2009 huenda imepita hapo, ila wito wa zamani bado unaweza kuhudumiwa, kwa hiyo ingiza namba ya VIN (ndiyo namba ya chesisi) kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya huko, leo, ni bure. Halafu piga simu makao makuu ya kampuni ukiwa na VIN mkononi uulize kama kuna programu ya chesisi. Toyota walifanya makubaliano mahakamani kule kwa Tacoma za 2005 mpaka 2010 pamoja na baadhi ya Tundra na Sequoia, chesisi zilizooza zikabadilishwa nzima, muda wa kudai ulikuwa na mwisho wake lakini swali ni simu moja.

Kama majibu yote ni hapana, mwambie fundi agonge chesisi na nyundo mbele yako, hasa pale springi za nyuma zinapofungwa. Ikitoa sauti kavu ya chuma unaweza kusafisha na kuikinga. Nyundo ikizama au vipande vikidondoka, usichomelee kiraka, na ukiiuza mwambie mnunuzi kwa maandishi.