Jirani kasema nisubiri miezi 18

SWALI: Dokta shikamoo, mi natumia ARV, mtoto ana wiki 7 sijampima VVU, mama mkwe ndo anambebaga kliniki na hajui hali yangu, alafu jirani anasema mpaka miezi 18, kweli?

JIBU: Marahaba mama. Jirani kachanganya, miezi 18 ni kile kipimo cha haraka kinachosoma kinga za mwili dhidi ya VVU, na kinga zako bado anazo mwilini, so kinaweza kusema anavyo hata kama hana. Kipo kingine kinatafuta kirusi chenyewe, anatobolewa kisigino, matone yanakaushwa kwenye karatasi yanaenda maabara, ni wiki 4 hadi 6 so umechelewa kidogo tu. Watoto waliozaliwa na VVU wasipotibiwa karibu nusu hawafiki miaka 2. Kesho mbebe mwenyewe, ya mkwe kamweleze nesi, pembeni.