Oparesheni "za kupangwa" wakati wa mlipuko

SWALI: Dokta, mimi ni nesi wa thieta hospitali ya wilaya, tuna vyumba viwili tu. Tunaandaa mpango ikitokea tena kitu kama korona. Mganga mfawidhi anataka tusitishe oparesheni zote za kupangwa na mlangoni tuweke kibanda cha kupulizia watu dawa. Inatosha?

JIBU: Sista, haitoshi, na hicho kibanda msijenge kabisa. WHO walishakataza tangu Mei 2020, klorini inawasha macho na kuumiza kifua, na anayekohoa virusi viko ndani ya mapafu, sio kwenye shati. Kila mlipuko lazima atokee mtu wa kuuza dude kama hilo.

Ila kinachonichosha zaidi ni hilo neno "za kupangwa", watu wakilisikia wanadhani ni oparesheni za anasa. Saratani ya titi ni ya kupangwa jamani! Maana yake anaweza kungoja kidogo, sio kwamba angoje mpaka mtakapojisikia. Uingereza Aprili 2020 waliwapanga wagonjwa kwa muda: wa ndani ya saa 24, wa saa 72, wa wiki 4, wa miezi 3, na wa zaidi ya hapo. Fanyeni hivyo na listi muipitie kila wiki, maana ngiri iliyokuwa inarudi yenyewe juzi leo imenasa.

Chumba kimoja kiwe cha wanaoshukiwa, kiwe na njia yake, makabati yatoke, vifaa aviingize mtu anayekaa nje. Wakati wa kuweka mpira wa kupumulia wabaki wawili watatu tu. Kama AC yenu ni ile ya ukutani jueni inazungusha hewa ile ile. Inapowezekana chomeni ganzi ya mgongo. Sizarian hazisimami. Na aliyetoka kuugua korona, kama anaweza kungoja, utafiti wa 2021 wa wagonjwa zaidi ya 140,000 ulionyesha wakati ule bora zipite wiki 7, kipimo kutoonyesha kitu leo sio ruhusa.

Halafu namba za simu za wanaongoja, zichukueni na muwapigie. Mama wa uvimbe kwenye kizazi anaambiwa "tutakupigia", hapigiwi, anakutana na muuza unga wa kuyeyusha uvimbe pale stendi. Nimewapokea hao, anaingia amebebwa, viganja vyeupe kama karatasi, kipimo cha wingi wa damu kinasoma 4, yaani imeisha mwilini, unga bado uko kwenye pochi na anauliza kama aendelee nao. Hakuna unga unaoyeyusha uvimbe, wala ngiri, wala jiwe la nyongo, anayekuuzia anajua kabisa oparesheni zimesimama ndio maana kahamia karibu na geti lenu.