Jibu: Mama anaanza mionzi titi la kushoto, moyo wake utakuwa salama?

Dada, pole sana na hongera kwa kumsimamia mama kwenye tiba ya saratani ya titi. Umeuliza kwa nini ameambiwa afanye mazoezi ya kubana pumzi. Hilo ndilo lenyewe la kumlinda moyo! Akivuta hewa nyingi mapafu hujaa, na moyo husogea chini na nyuma, mbali na ukuta wa kifua. Mashine huwashwa akiwa amebana pumzi, kama sekunde 20 hivi, kisha anapumua na kurudia. Akiachia kabla ya wakati, mionzi inasimamishwa, kwa hiyo asiogope kukosea.

Afanye mazoezi amelala chali, mikono juu ya kichwa. Hewa ijaze kifua, mgongo usiinuke kitandani. Wengi huinua mgongo wakidhani wamevuta sana, kumbe kifua hakijajaa vya kutosha.

Muulize daktari wastani wa dozi itakayofika kwenye moyo. Utafiti wa wanawake wa Sweden na Denmark uliochapishwa 2013 ulionyesha kila grei 1 (kipimo cha dozi ya mionzi) ya wastani huo iliongeza hatari ya magonjwa ya mishipa ya moyo kwa asilimia 7.4. Hilo ni ongezeko juu ya hatari aliyonayo mtu tayari, ndiyo maana presha, kisukari na sigara vinahesabika sana. Kama ana presha, au aliwahi kupewa dawa za saratani za doxorubicin au trastuzumab, wakumbusheni madaktari mapema, maana nazo zinaweza kuudhuru moyo.

Tafadhali asiache mionzi kwa hofu hii.